Kuku Waliovuka Ua

Kuku wa kwanza kuvuka alikuwa mweusi, wa Mama Perpetua, na alivuka saa mbili asubuhi watu wakitazama. Alipenya chini ya ua wa minyaa, akajikung'uta umande, akapita katikati ya uwanja kama mtu aliyeitwa kwa jina, akaingia nyumbani kwa Filomena. Hakugeuka nyuma.

Kwa wiki tano hapakuwa na kiumbe mwingine aliyeingia humo. Ilikuwa kijijini Daudi, juu kwenye baridi ya Mbulu, mwaka ule mkoa wa Manyara ulipozaliwa na karani wa kijiji akawa bado anagonga mihuri ya Arusha. Filomena alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, Tadei, wa miezi minne, akiwa bado ananyonya. Kifo cha namna hiyo huleta metimani. Nyumba hutengwa. Mume na mke hubaki ndani ya ua wao peke yao. Hawachoti maji kisimani penye watu, hawaombi moto kwa jirani, hawapewi mkono, na kilichopikwa humo hakiliwi nje. Huwa hivyo mpaka wazee waseme imetosha. Hakuna aliyemchukia Filomena, na hilo ndilo lililomchoma zaidi: hapakuwa na adui wa kumlaani, palikuwa na watu wema tu waliosimama mbali.

"We!"

Mama Perpetua alikuwa amesimama nje ya ua, khanga kiunoni. Alikuwa shangazi wa Margwe, mume wa Filomena, na nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya mteremko.

"Shikamoo, shangazi."

Perpetua hakuitikia. Hadi mwezi wa Sita alikuwa akimwita Mama Tadei. Sasa hakujua amwite nani, kwa hiyo alimwita We.

"Kuku wangu kaingia kwako."

"Nimemwona."

"Mtoe!"

"Nikimshika kwa mikono hii utampokea?"

Perpetua alikunja mikono yake kwenye khanga. "Usimshike. Mfukuze na ufagio."

"Ufagio nao ni wa humu ndani, shangazi."

"Basi mpigie kelele!"

"Kelele zangu unazitaka?"

"Usinichezee, wewe msichana," alisema Perpetua, lakini alirudi nyuma hatua mbili, kana kwamba kelele zenyewe zingeweza kumrukia.

Filomena aliingia ndani. Kuku alikuwa kwenye kona aliyokuwa akilala Tadei, juu ya ngozi ya mbuzi ambayo yeye hakuwa na moyo wa kuiondoa. Alikuwa ametazama ukutani. Baada ya muda akasimama, akatoka. Aliacha yai juu ya ngozi, la rangi ya chai ya maziwa, lenye joto.

Kuku akitaga hutangaza mpaka mtaa wa pili. Huyu alitaga kimya.

*

Kufikia mwisho wa mwezi wa Nane walikuwa kumi na mmoja, ukiacha watatu wa Filomena mwenyewe. Walikuja na ukungu. Ukungu ulipopanda kutoka bondeni asubuhi, walitokea ndani yake mmoja mmoja, wekundu, madoadoa, mmoja asiye na manyoya shingoni, wakiwa wamefuatana kama wanawake wanaokwenda kuhani msiba. Waliingia, wakataga kwa zamu pale pale penye ngozi, wakatoka. Hakuna aliyelia. Filomena alizoea kukaa mlangoni akiwasikiliza, na alichosikia ni kucha zao tu kwenye udongo.

"Ni punje," alisema Margwe. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya msiba. Sasa alikuwa anayatafuna kabla ya kuyatoa. "Hatuendi mashine, tunatwanga hapa hapa. Punje zinamwagika. Kuku hana dini. Anafuata punje."

"Haya."

"Usiniambie haya kwa sauti hiyo."

Filomena alifagia uwanja siku tatu mfululizo. Aliokota mpaka pumba. Siku ya nne wakaja kumi na mbili.

Jambo jingine hakumwambia mumewe. Saa kumi jioni, wakati ambao Tadei alikuwa akiamka usingizini, yule mweusi wa kwanza alirudi peke yake. Alisimama mbele ya kigoda cha Filomena, akageuza kichwa upande, akamtazama kwa jicho moja. Hakudonoa kitu, hakutafuta kitu. Na Filomena, ambaye alikuwa amejifunga kitambaa kifuani ili maziwa yakauke, alihisi kifua kikijaa, kikauma, kikafunguka. Gauni lililowa. Kuku aliangalia mpaka gauni lilipoyanywa maziwa yote, ndipo akaondoka.

Mayai yalijaa chungu kimoja, yakajaa cha pili. Kuyatupa ilikuwa dhambi, kuyauza ilikuwa mwiko, na watu wa kuyala walikuwa wawili. Mama yake Filomena aliishi na kufa bila kuonja yai. Zamani zao mwanamke hakulila. Filomena alijifunza peke yake. Aliyafukia kwenye majivu ya moto mpaka ganda lilipopasuka. Aliyakaanga kwa samli na kitunguu. Aliyachemsha, akayapondaponda na chumvi juu ya ugali, mpaka chumvi ilipokwisha na hapakuwa na wa kumwomba.

"Nina hamu ya maharage," alisema Margwe siku moja akitazama sahani. Wote wawili wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, halafu wakanyamaza haraka kama waliosikika.

Kilichomtisha Margwe si kuku. Plau huvutwa na maksai wanne. Yeye alikuwa na wawili. Wawili wengine walikuwa wa kaka yake, Akonaay, aliyekuwa pia mmoja wa wazee wa kuamua mambo ya metimani. Mvua za mwezi wa Kumi na Moja zikiwakuta bado wametengwa, maksai wa Akonaay wasingekanyaga ndani ya ua ule, shamba lisingelimwa, na mwaka unaofuata wangekula majani.

"Tukae kimya tu," alisema Margwe. "Tusilete neno. Wazee wataona tumekaa vizuri, watatutoa."

*

"Hodi!"

Filomena alishtuka mpaka mwiko ukamponyoka. Neno hilo halikuwa limesikika pale kwa wiki tisa.

Kupitia kwenye miti ya miwati nyuma ya nyumba alikuja mwanamke mwenye sweta la kijani na viatu vya mpira, kikapu mkononi. Mwalimu Judith alikuwa ameletwa shule ya msingi mwezi wa Saba kutoka Muleba, mbali kule Kagera, na alitembea kama mtu ambaye bado hajaamua kama atabaki.

"Mwalimu, usivuke hapo! Hujaambiwa?"

"Nimeambiwa, mama. Mwalimu mkuu amenifundisha somo zima. Nikamuuliza, huyo mama anauma? Akasema haumi. Shikamoo basi, au hata hiyo hairuhusiwi?"

"Mimi na wewe nani mkubwa?"

"Sijui. Nimekupa tu, uchukue."

Filomena alikuwa amesahau kwamba uso una misuli ya kutabasamu. "Marahaba. Unataka nini?"

"Mayai. Nina unga, nina mafuta, nataka kukaanga maandazi niuze watoto wakati wa mapumziko, maana mshahara unakuja kama kupatwa kwa jua. Kijiji hiki kuku wamegoma kutaga. Kila ninayemuuliza ananyamaza, ananionyesha huku juu kwa kidevu."

"Ya huku hayaliwi."

"Na nyie mnakula nini?"

Filomena aliingia ndani, akatoka na mayai. Alimpa ishirini, kwenye majani ya mgomba. Mwalimu alitoa kikapuni chumvi, kiberiti na kipande cha sabuni, akaviweka juu ya jiwe.

"Usiyapeleke kwa mtu," alisema Filomena.

"Nayapeleka kwangu."

Alimwonya hivyo mara mbili. Mara ya tatu hakumwonya.

Ilikuwa hivi: kutoka kwenye kichuguu nyuma ya zizi lake aliweza kuona uwanja wa shule. Siku ya Ijumaa alimwona Mwalimu Judith ameketi barazani na ndoo yake ya plastiki, na watoto wamemzunguka. Kila mtu wa Daudi aliuliza maziwa yametoka zizi gani na maji yametoka kisima gani, lakini mwalimu alikuwa mgeni wa serikali, na vitu vyake watu walidhani vinatoka mjini. Akaja mama mmoja, akanunua. Akaja Akonaay mwenyewe na fimbo yake. Alimega, akatafuna, akapangusa masharubu, akanunua mengine mawili.

Filomena alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Ndani yake, mahali palipokuwa pakitikisika usiku na mchana tangu mazishi, kitu kilikaa kitako.

Tangu siku hiyo alianza kuyatuma. Aliyachukua mayai moja moja kutoka kwenye ngozi yakiwa na joto, akayaweka kifuani ndani ya gauni, kwenye ubichi wa maziwa, na kuyasemesha kwa Kiiraqw, taratibu, kama mtu anayemwagiza mtoto dukani. Wewe nenda kwa Akonaay. Wewe nenda kwa karani. Wewe nenda kwa shangazi, ukae mezani kwake. Margwe alimkuta siku moja akifanya hivyo. Alimtazama, akachukua jembe lake, akatoka bila kuuliza, na jioni ile alikula chakula akiwa amempa mgongo.

*

Mtu mmoja tu alikuwa akisimama njiani kuongea naye. Frida alikuwa mkwe wa Mama Perpetua, msichana wa miaka kumi na tisa, na mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa nane. Alisimama hatua kumi nje ya ua, kama ilivyotakiwa, na kupaza sauti.

"Dada Filo! Umeamkaje?"

"Salama. Tumbo limeshuka, naona."

"Linanipiga mateke kama punda!" Frida alikuwa na andazi mkononi. Alimega kipande, akaendelea kuongea kikiwa shavuni. "Yule mwalimu ana mkono! Nakula matatu kwa siku. Mama mkwe anasema mtoto atatoka anateleza."

Filomena alitazama taya la Frida likipanda na kushuka. Aliona rangi ya njano ndani ya andazi. Kumlisha Akonaay ni jambo moja. Huyu alikuwa na mtu mwingine ndani yake, mtu ambaye hakuwa amemkosea yeyote. Alifungua mdomo.

"Nini, dada?"

"Una makombo kidevuni."

Frida akacheka, akajipangusa, akaenda zake akipepesuka kidogo.

Kesho yake Filomena alimsubiri mwalimu kwenye miwati. "Frida usimuuzie."

"Nimnyime kwa nini?"

"Usimuuzie tu."

"Mama, nilimsindikiza kliniki Jumanne. Damu imepungua mpaka macho yamekuwa meupe kama karatasi. Nesi amesema apate mayai, mawili kila siku, vinginevyo uzazi utamshinda. Atayapata wapi? Mama mkwe wake hana hata moja. Mimi namchemshia pembeni bila malipo. Nimuache?"

Kuku yule mweusi alitokea kati ya miguu yao. Hakuna aliyemwona akija.

Kama mtoto wa Frida angekufa, Filomena alijua wangesema nani amemuua. Na alijua jambo baya zaidi: kwamba yeye mwenyewe angewaamini. Alimkabidhi mwalimu kikapu cha mayai ya siku hiyo. Halafu akaingia ndani, akatoka na mayai manne makubwa, akayaweka kando ya mengine.

"Haya ni ya Frida. Kila siku nitayatenga. Ya kwake yasichanganyike."

Kwa wiki tano aliyatenga. Kwa wiki tano, kila sauti iliyopanda kutoka nyumba ya chini ilimkatisha pumzi. Asubuhi moja alisikia kelele za wanawake, na kabla hazijawa kitu cha kueleweka alikuwa tayari amepiga magoti juu ya ile ngozi, kuku wamemzunguka, wote wametazama ukutani. Halafu kelele zikageuka vigelegele. Alivihesabu mpaka vikaisha. Frida alikuwa amejifungua zahanati, mtoto wa kike, na wote wawili walikuwa hai.

*

Wazee walikuja Jumamosi, mawingu yakiwa yameinama juu ya vilima. Akonaay alikuja na maksai wake wawili, nira tayari shingoni, maana kazi ya kuwatoa metimani ikiisha asubuhi, kesho yake ni kulima. Walisimama kwenye kilango cha ua na vibuyu vya pombe na bakuli la maji ya kunyunyizia. Nyuma yao walikuja majirani, wengi kuliko alivyotegemea Margwe, na Margwe alitokwa machozi akijifanya ni moshi.

Frida alikuja na mtoto mgongoni. Mwalimu Judith alikuja na ndoo.

"Siku ya furaha haiendi tumbo tupu," alisema, akagawa maandazi bure. Watu wakapokea, wakala. Wazee wakala. Mama Perpetua alikula la pili, akalamba vidole, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kumsifu mgeni:

"Mwalimu, hebu tuambie basi. Mayai unayapata wapi? Wangu hawajataga tangu mwezi wa Nane."

"Si hapa hapa kwa mama Filomena?" alisema Judith. "Tangu mwanzo. Mnanionyesha wenyewe kwa kidevu!"

Mataya yalisimama. Kulikuwa na watu wapatao thelathini pale, na wote walikuwa na kitu mdomoni. Akonaay alitazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mahali pa heshima pa kutema. Akameza.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na ua ukaanza kupotelea ndani yake, nguzo baada ya nguzo. Watu walitazama miguu yao. Hapakuwa tena na mtu aliyejua amesimama upande gani.

"Umemlisha mjukuu wangu kifo," alisema Mama Perpetua polepole. "Tumboni. Kabla hajaona jua."

"Nimemlisha mayai, shangazi."

"Nyamaza, shangazi," alisema Akonaay. Alikuja karibu na kilango, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne alimtazama shemeji yake usoni. Hakuwa mtu mkali. "Filomena. Mwalimu ni mgeni, hajui. Na wewe ulikuwa na uchungu, akili haikuwepo. Hukujua yanakwenda wapi. Sivyo? Sema hukujua."

Alikuwa anamfungulia mlango, na kila mtu aliona.

"Nilijua," alisema Filomena. "Kila yai nililijua linakokwenda."

Mtoto wa Frida alipiga chafya. Watu watatu walirudi nyuma, wakagundua kwamba nyuma nako ni kule kule.

Akonaay alifumba macho kidogo. "Basi sikilizeni. Aliyekula cha humu yumo humu. Mimi nimo. Shule nzima imo. Na aliyemo hawezi kumtoa mwenzake, kama mtu aliyezama hawezi kuvuta aliyezama. Iko njia moja tu. Mwenye nyumba akiri kosa mbele ya watu, aombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe, maji yanyunyizwe, tutoke wote leo leo. Kosa lisiloombewa radhi halioshwi."

"Na asipoomba?" aliuliza sauti moja.

Akonaay alitazama maksai wake.

Margwe alimshika mkewe mkono. "Neno moja, Filomena. Moja tu. Angalia mawingu. Maksai wale pale, nira shingoni. Kesho tunalima. Nakuomba mimi."

Alimtazama mumewe kwa huruma ya kweli, maana alimpenda, na maana alijua shamba lilikuwa la wote wawili. Kisha akawatazama watu: karani, wanawake waliopokea ndoo zake zamani kisimani, Perpetua na midomo yake inayong'aa mafuta, Frida aliyekuwa ameng'ang'ania ncha za khanga ya mtoto.

"Nimekaa humu miezi minne," alisema. "Umri wake wote Tadei. Mlipita hapo njiani kila siku, mkanisalimia kwa mbali kama mtu anayeongea na kilima, na mimi sikuwalaumu, ndivyo tulivyofundishwa. Nilitaka kitu cha nyumba yangu kiingie majumbani mwenu. Kimeingia. Mmekula, mmenenepa, mmezaa. Kama mmo, mmo. Karibuni."

"Mwite mke wako, Margwe!" alipiga kelele Perpetua. "Mwambie aombe radhi!"

"Shangazi, niite mimi. Nipo."

Perpetua alitafuta jina la kumwita. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, karibu ya kitoto. "Omba radhi, mwanangu. Twende nyumbani."

"Siombi."

"Hata kwa ajili ya mvua?" aliuliza Akonaay.

"Hata kwa ajili ya mvua, shemeji," alisema Filomena. "Siombi radhi."